Tajiri, dereva na deiwaka: kutoka Lyamba lya Mfipa hadi malori ya mtandaoni

Gunia la mpunga linalotoka Mtowisa kwenda Sumbawanga mjini lina mlima mmoja tu wa kupanda, nao unatosha. Mtowisa iko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa, mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga iko juu kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,000 zaidi, na katikati pamesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Lori lililoshiba mzigo hupanda kutokea Muze kuelekea Ntendo kwa gia nzito, likinguruma kuliko linavyotembea. Kwenye kona kali utingo huruka chini na kigingi mkononi, akafuata tairi la nyuma hatua kwa hatua, tayari kukisukumiza pindi injini ikigoma.

Safari kama hiyo ina wenyewe watatu: tajiri mwenye gari, dereva na huyo utingo. Wa nne hujitokeza dereva akiugua au akiacha kazi ghafla. Ndiye deiwaka, anayeshika usukani kwa safari moja, akapokea chake na kushuka.

Mbali na bonde hilo, vijana wa mataifa mengi hubishana usiku kucha mbele ya kompyuta kuhusu jambo ambalo mtu yeyote wa kijiwe cha malori angelitambua mara moja: mtu aanzishe kampuni yake ya malori, au ajiunge na ya mwenzake? Kampuni wanazozizungumzia hazina hata lori moja la chuma. Ni za ndani ya michezo ya kuigiza udereva, hasa Euro Truck Simulator 2, na zina viongozi, madereva, rangi zao na ratiba za safari. Ubishi wenyewe si mgeni. Kati ya Dar es Salaam, Tunduma na Ufipa umeendelea kwa miaka 60 hivi, na kila zama zimeujibu kivyake.

Jibu la kwanza lilitolewa na serikali mbili. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia ya Kusini, na Zambia, ambayo shaba na mafuta yake vilipitia reli za kusini, ikajikuta imekabwa koo. Njia iliyobaki ilikuwa barabara ndefu ya vumbi kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia Tanzania Road Services: serikali ya Tanzania ikashika asilimia 35 ya hisa, ya Zambia asilimia 35, na Waitaliano wa Intersomer asilimia 30. Malori yakawa Fiat yenye matrela. Yalibeba mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba, katika barabara iliyoteleza kama sabuni masika na kufunikwa na vumbi kiangazi. Wazungu waliipa jina la njia ya jehanamu kwa wingi wa mabaki ya magari yaliyolala makorongoni.

Sifa nyingi za kampuni hiyo husimuliwa kwa ukubwa wake, lakini siri yake ilikuwa nyepesi: gari lilikuwa na mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi. Dereva hakuhangaika kutafuta shaba huko Zambia, ilikuwa inamsubiri. Aliyejiunga alikuwa na kazi moja, kuendesha. Neema hiyo haikudumu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikawekwa hadi Tunduma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Ufipa ilikuwa pembeni mwa yote hayo. Ukifika Tunduma ulipaswa kukunja kulia na kumeza kilomita 224 za vumbi au tope mpaka Sumbawanga. Mkoa wa Rukwa wenyewe uliundwa mwaka 1974, na katika miaka hiyo hiyo serikali ikaanza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Uamuzi huo ulibadilisha hesabu za uchukuzi kuliko barabara yoyote. Mkulima wa Laela alilipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya lori ikawa mzigo wa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Rukwa, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, ikapanda hadi kuitwa moja ya mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mahindi yakawa mengi, magari yakawa haba. Kampuni za uchukuzi za mikoa, zile za RETCO, ziliundwa ili kuziba pengo, lakini miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya ukame wa fedha za kigeni: tairi hakuna, spea hakuna, dizeli kwa kibali. Magunia yakarundikana kwenye vituo vya ununuzi yakisubiri gari. Gari lenyewe lilikuwa likisubiri rimu.

Hapa ndipo kampuni ya umma ilipoonyesha udhaifu wake. Dereva wake alikuwa na mshahara hata gari likiwa juu ya mawe, jambo zuri kwake na kwa watoto wake, lakini mpunga wa Mtowisa haufiki mjini kwa mishahara. NMC nayo ilizama katika madeni, sehemu kubwa ikiwa ni ya kusafirisha nafaka kutoka mbali na kuiuza kwa bei isiyorudisha nauli yake.

Mwaka 1984 mlango ulifunguliwa. Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, na miongoni mwa vitu vya kwanza kumiminika zikawa pikapu na malori. Ndani ya miaka michache tajiri wa gari moja akawa mtu wa kawaida katika miji ya nyanda za juu. Ununuzi wa nafaka ulipoachiwa wafanyabiashara na bei moja ikafa, umbali ukarudi mabegani mwa mkulima. Mwenye gari ndiye aliyeamua nani auze lini, na kwa kipimo gani. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ilinenepa katika uhuru huo.

Tangu hapo ndoto ya madereva wengi imekuwa ile ile: kuendesha gari la mtu mpaka upate la kwako. Fuso moja iliyotumika, iliyotoka Japani kwa meli, ikatosha kumgeuza dereva kuwa tajiri. Wengi hawakukadiria kinachofuata. Mwenye gari moja huacha usukani taratibu bila kujua. Asubuhi yuko kwenye simu na dalali wa mzigo, mchana yuko gereji, jioni anasubiri hesabu kutoka kwa dereva aliye nje ya mtandao kati ya Muze na Mtowisa. Baada ya mavuno, mpunga na mahindi vikiwa tele, gari halipumziki. Masika ikiingia, barabara za bondeni zikageuka uji, linalala wiki nzima na mkopo wa benki haulali. Halafu kuna mlima. Gari linalopandisha tani kumi za nafaka hushuka na mabati kidogo, sementi, soda na chumvi. Safari ya kurudi ndiyo inayomla tajiri mdogo wa bonde la Rukwa. Huyu angekuwa na nafuu zaidi kama angejiunga na wenzake watano kugawana mizigo na fundi mmoja. Wenye malori wana vyama vyao, TATOA na kile cha wa kati na wadogo, TAMSTOA, lakini hivyo huzungumza na serikali kuhusu tozo na mizani, havimtafutii mtu mzigo wa kurudi Mtowisa.

Lami ilikuja baadaye. Mkataba wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani ulisainiwa Februari 2008, Rais George W. Bush alipomtembelea Rais Jakaya Kikwete, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikawa miongoni mwa miradi yake, ikigawanywa vipande vitatu: Tunduma–Ikana, Ikana–Laela, Laela–Sumbawanga. Safari iliyokuwa ya siku nzima ikawa ya saa chache. Semi zikaanza kufika Sumbawanga zenyewe, na mzigo uliokuwa wa Fuso tatu ukabebwa na kichwa kimoja cha kampuni ya Dar es Salaam.

Wakati lami hiyo ikijengwa, mjini Prague, Jamhuri ya Cheki, kampuni ya SCS Software ilikuwa ikimalizia lori la aina nyingine. Ilikuwa imeshatengeneza michezo ya malori ya Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Euro Truck Simulator ya kwanza mwaka 2008. Ya pili ilitoka Oktoba 2012 na bado inachezwa. Ajabu ya mchezo huu ni jinsi unavyofuata njia ile ile ya maisha ya dereva. Mchezaji mpya huanza kama deiwaka kamili: anapewa lori la mwenye kampuni, mafuta na matengenezo si juu yake, akifikisha mzigo analipwa na kuagana nao. Akikusanya kidogo huenda benki, akakopa na kununua lori lake. Gereji ya kuanzia hulaza gari moja; ikipanuliwa hulaza matatu, kisha matano. Hapo huajiri madereva, ambao ni programu tu, na kila mmoja huleta fedha bila kuonekana. Hata hao wa kubuni, wakiwa bado wachanga kazini, mara nyingine hurudi mikono mitupu kwa kukosa mzigo. Mtu aliyeandika kanuni hiyo alikuwa anaijua biashara ya malori.

Mchezo wenyewe ulianza kama wa mtu peke yake. Mwaka 2014 wapenzi wake, si SCS, walitengeneza programu ya kuwakutanisha wachezaji wengi barabarani kwa wakati mmoja, ambayo leo inajulikana kama TruckersMP. SCS walileta njia yao rasmi ya kusafiri pamoja mwaka 2021, kwa kuanzia watu wanane. Kampuni za kubuni zilistawi katika nafasi hiyo, zikiiga mashirika ya ndege ya kubuni ambayo wapenzi wa michezo ya urubani walikuwa nayo tangu miaka ya 1990. Aliyejiunga hujaza fomu, hupaka lori lake rangi za kampuni, kilomita zake huandikwa, na siku ya msafara hujipanga kwenye foleni. Mbele huenda kiongozi, nyuma mfungaji wa safu, na ole wake atakayeovateki. Wanyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani karne ya 19 walikuwa na kirangozi wao mbele ya msafara na sheria iyo hiyo.

Aliyeanzisha kampuni ana maisha tofauti. Anapanga njia, anapokea maombi, anaamua ugomvi wa watu wawili waliogongana kwenye barabara ya Calais hadi Duisburg, maarufu kwa foleni na vurugu, anatafuta mtu wa kutengeneza mabango, analipia tovuti. Analalamika kwamba hana muda wa kuendesha. Ni malalamiko ya tajiri wa Fuso, isipokuwa huyu hakukopa chochote, na akichoka hufunga kampuni kwa kubofya mara moja. Kwa mtu anayetaka barabara tu, kujiunga ndiko kwenye raha. Anayefungua yake afanye hivyo kwa sababu anapenda kupanga watu. Kama anapenda lori, atalikosa.

Afrika Mashariki bado haimo katika ramani rasmi ya mchezo huo. Vijana wa Tanzania na Kenya wameingilia mlango mwingine, wa simu: Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na Maleo mwaka 2017, unaruhusu mchezaji kubadili sura ya basi, na mabasi yenye rangi za kampuni za hapa yamekuwa yakikimbia humo kwenye barabara za Java. Hakuna mzani, hakuna trafiki wa kusimamisha gari kila baada ya kilomita kumi, hakuna utingo. Hilo la mwisho ni upungufu mkubwa. Mtu asiyewahi kuanza na kigingi hajaona mlima.

Lakini kuna kitu ambacho kampuni za kubuni hutoa siku ya kwanza na ambacho dereva wa kweli alilazimika kukipigania. Mwanachama mpya husomeshwa kanuni zilizoandikwa: wajibu wake, haki yake, jinsi ya kuondoka. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, abiria wakakwama Ubungo na katika miji ya mikoani, na mwanzoni mwa Mei wakagoma tena. Walipinga kulazimishwa kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, na walitaka kingine ambacho wengi wao hawakuwa nacho baada ya miaka mingi ya kazi: mkataba wa ajira. Madereva wa malori wameliimba dai hilo hilo. Kwa wengi bado makubaliano na tajiri ni ya mdomo, pamoja na posho ya njiani.

Bondeni, nako, njia inabadilika. Daraja la Mto Momba kati ya Kilyamatundu na Kamsamba limeiunganisha barabara ya bonde na Mlowo, kwenye barabara kuu ya Zambia. Gari linalopakia mpunga Mtowisa sasa linaweza kwenda kusini kupitia Ilemba na kutokea Songwe bila kupanda Lyamba lya Mfipa kabisa, maadamu si masika. Wanunuzi wa Songwe na Mbeya nao wanaweza kuingia kwa njia iyo hiyo na magari yao, na tajiri wa Fuso moja wa Sumbawanga, aliyezoea kuwa mlima unamlinda, sasa anagombea mzigo na watu wenye magari kumi.