Swali la tisa: Je, dodoso la sonona linasema kweli Same?

Tuseme mtu ameshuka kutoka Chome hadi Same mjini, anaumwa kichwa na hapati usingizi. Mhudumu anaweza kumpima sonona kwa PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. La tisa ndilo zito. Linauliza kama amewaza kuwa heri afe, au ajidhuru.

Je, jibu lake ni la kuaminika?

Dodoso huthibitishwa hivi: watu wanajibu, kisha mtaalamu anawahoji kwa kina, halafu majibu yanalinganishwa. Na alama za Ulaya au Marekani hazihami hivihivi. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso jingine, HSCL-25, kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam. Nje, mpaka uliozoeleka ni 1.75. Dar ulioonekana kufaa ni 1.06, na ulinasa 89 kati ya kila wagonjwa 100. Yaani kwa mpaka wa nje, wengi wangeambiwa wako sawa.

Sasa Dar yenyewe siyo Upareni. Bibi wa Mbaga anayewaza kwa Chasu anaweza kulisikia swali la Kiswahili tofauti kabisa. Halafu kuna sheria: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Nani atasema ukweli wote mbele ya daftari? (Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025.)

Kingine, kuthibitisha kipimo cha sonona siyo kuthibitisha kwamba kinatabiri kujiua. NICE, taasisi ya miongozo ya afya Uingereza, ilielekeza mwaka 2022 kwamba vipimo vya hatari ya kujiua visitumike kutabiri nani atajiua wala kuamua nani atibiwe. Kwa hiyo sifuri kwenye swali la tisa siyo ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani bila kuzungumza naye.

Jibu lolote juu ya sifuri linataka mazungumzo siku hiyohiyo: ana mpango? Nani yuko naye nyumbani? Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Akihitaji rufaa, KCMC ipo Moshi.

Kama ni wewe au mtu wako, nendeni kituo cha afya leo, mkiwa wawili.