Fezi Iliyopotea: Mwanga kutoka Franklin School hadi Hanover

Wengi wetu tumewahi kupita mbele ya jengo la matofali mekundu kwenye kona ya barabara ya 13 na K, katikati ya Washington, bila kusimama. Ni Franklin School, shule iliyofunguliwa mwaka 1869, na tangu Oktoba 2020 ndani yake mna jumba la makumbusho la lugha liitwalo Planet Word. Chama kilipokwenda huko, kilikwenda kwa ajili ya lugha. Tukiwa nje tunasubiriana, mmoja wetu akasoma kibao cha ukutani: kwamba tarehe 3 Juni 1880, kutoka ghorofa ya juu ya jengo hilo, ujumbe wa simu ulipelekwa kwa mwale wa mwanga hadi nyumba namba 1325, barabara ya L. Makala hii ilianzia hapo, na tunakiri kwamba ndani ya jumba tulikaa muda mfupi kuliko tulivyokuwa tumepanga.

Juu ya shule alikuwa Charles Sumner Tainter. Katika nyumba ya barabara ya L, umbali wa mita mia mbili na ushei, alikuwa Alexander Graham Bell. Mashine yao waliiita fotofoni. Sauti ya Tainter ilitikisa kioo chembamba, kioo kikaurusha mwanga wa jua ukikolea na kufifia kwa kufuata sauti, na upande wa Bell seli ya seleni, ambayo hupitisha umeme zaidi inapomulikwa, ikaugeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa sauti. Hapakuwa na waya kati yao. Bell aliuona uvumbuzi huu kuwa mkubwa kuliko simu yenyewe. Walimwengu hawakuona hivyo, na walikuwa na haki yao: wingu likipita, mazungumzo yamekwisha.

Kwa kawaida historia ya mawasiliano ya mwanga husimuliwa kuanzia hapo kama hadithi ya taa. Jua likawa leza, hewa ikawa faiba, na kila kizazi kikapata taa inayowaka na kuzimika upesi kuliko ya kizazi kilichotangulia. Usimulizi huo una kweli yake, lakini unaficha jambo. Tangu Bell hadi mwanzoni mwa karne hii, karibu vipokezi vyote vya mwanga vilivyouzwa viliangalia kitu kimoja tu, ukali. Kitu cha pili kilichomo ndani ya wimbi kiliachwa mlangoni. Kilirudishwa kwa hesabu, na sehemu kubwa ya safari ya kukirudisha ilipita katika viunga vya mji huu tunaosomea.

Kitu hicho ni fezi. Tulibishana kuhusu neno. Baadhi ya walimu husema awamu, lakini msomaji akikutana na awamu anamfikiria rais wa awamu ya ngapi. Mafundi umeme wa Mombasa na Dar es Salaam wamekwisha kutuamulia: wanasema umeme wa fezi tatu, na kila mtu anaelewa. Chukua wapiga ngoma wawili, mmoja wa msondo na mwingine wa chapuo, wanaopiga kwa kasi ileile. Nguvu ya mkono ni ukali. Fezi ni pale pigo la mmoja linapoangukia ukililinganisha na pigo la mwingine: pamoja, katikati, robo kabla, robo baada. Anayesikiliza ngoma moja peke yake hawezi kukuambia fezi yake, maana fezi huonekana kwa kulinganisha tu.

Mwanga unaopita katika faiba hupiga mara trilioni 193 hivi kwa sekunde. Seli ya kipokezi haiwezi kufuata mapigo hayo; inaona jumla ya ukali basi. Ukitaka fezi lazima uweke leza yako mwenyewe upande wa kupokea, uuchanganye mwanga wake na ule uliofika, ndipo tofauti itokee. Taabu ni kwamba leza mbili hazikubaliani kamwe. Ni kama mpiga chapuo aliye nyumba ya pili, anayemsikia mwenzake kupitia ukutani: kila mmoja anateleza kidogo, kila mmoja kwa namna yake. Leza ikiwa nzuri, kutoka ishara moja hadi inayofuata utelezi huo hauzidi digrii moja. Lakini ishara ni bilioni 10 kwa sekunde, na ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde wimbi mbebaji linaweza kuwa limezunguka makumi ya digrii. Ikiwa ujumbe wenyewe umeandikwa kwa digrii, mpokeaji atajuaje kipi ni ujumbe na kipi ni utelezi?

Watu wa redio walikuwa wameligusa swali hili zamani. Mwaka 1956 John Costas, mhandisi wa General Electric, alieleza kitanzi kinachojirekebisha: kipokezi hupima kosa lake, hulirudisha mwanzo, na kujisogeza mpaka kilingane na wimbi. Kisha zikaja setilaiti, na hapo tunarudi mtaani kwetu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1962 iliunda kampuni ya COMSAT, yenye makao Washington, na mwaka 1969 kampuni hiyo ikafungua maabara huko Clarksburg, Maryland, kando ya barabara kuu ya 270, katika jengo refu la alumini na vioo lililosanifiwa na César Pelli. Humo ulitengenezwa mfumo wa simu za setilaiti ulioitwa SPADE, uliobeba sauti kwa namba na kuziandika namba hizo kwa fezi nne. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1970, Kenya ilifungua kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa. Mzee wa Nairobi aliyezungumza na mwanawe aliyekuwa masomoni ng'ambo alizungumza kupitia mtandao wa Intelsat, ulioendeshwa kutoka mji huu.

Mawasiliano ya setilaiti yalileta shida ambayo kitanzi cha Costas hakikuipenda. Vituo vingi vya ardhini vilipogawana setilaiti moja kwa zamu, kila kimoja kilituma kwa mkupuo mfupi. Kitanzi kinataka muda wa kutulia, na kinapotulia mkupuo umekwisha. Mwaka 1983 Andrew Viterbi na binti yake Audrey Viterbi walichapisha dawa ambayo mtu anaweza kuijaribu kwa kalamu. Tunaiandika hapa kwa sababu inaeleweka hata kwa sisi tuliokimbilia fasihi.

Chukua fezi nne: digrii 45, 135, 225 na 315. Kila moja ina maana ya jozi ya namba, yaani biti mbili. Sasa pandisha ishara iliyopokewa kwenye kipeo cha nne, jambo ambalo huzidisha pembe yake kwa nne. 45 inakuwa 180. 135 inakuwa 540, ukitoa duara moja inabaki 180. 225 inakuwa 900, ukitoa maduara mawili ni 180. 315 inakuwa 1260, ukitoa matatu ni 180 tena. Ujumbe umefutika! Chochote kilichozidi au kupungua juu ya 180 ni utelezi mtupu, ukiwa umekuzwa mara nne. Jumlisha ishara kadhaa za jirani ili kelele zipunguzane, gawanya kwa nne, na umejua wimbi limezunguka kiasi gani. Kisha lirudishe nyuma kwa kiasi hicho, na ujumbe unasimama ulipoandikwa. Hakuna kitanzi wala kusubiri.

Ina dosari moja, na ni ya haki kuitaja. Kwa kuwa umegawanya kwa nne, hujui kama duara zima limegeuka robo. Kelele zikizidi, hesabu inaweza kuruka digrii 90 kimyakimya, na kuanzia hapo kila neno linasomwa vibaya ingawa kila kitu kinaonekana shwari. Wahandisi hujikinga kwa kuandika ujumbe katika badiliko kati ya ishara moja na inayofuata, au kwa kupachika hapa na pale ishara ambazo mpokeaji anazijua tangu mwanzo.

Kwa nini basi mwanga haukuchukua dawa hiyo papo hapo? Mwaka huohuo wa 1983 AT&T ilifungua njia yake ya faiba kati ya New York na Washington, na MCI, jirani yetu mwingine wa Washington, iliagiza faiba kwa maelfu ya kilomita. Zote zilihesabu ukali. Maabara za Ulaya, Japani na Marekani zilijaribu kwa bidii kupokea mwanga kwa fezi katika miaka ya 1980, hasa kwa sababu leza ya upande wa kupokea ilisaidia kusikia ishara hafifu. Mwishoni mwa muongo huo kikaja kikuza mwanga cha erbiamu, kinachoongeza nguvu ya mwanga ndani ya faiba yenyewe. Hoja ya ishara hafifu ikaanguka, na utafiti wa fezi ukawekwa kabatini.

Aliyefaidi ni Ciena, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1992 huku Maryland. Mwaka 1996 iliiuzia Sprint mtambo uliopitisha rangi 16 za mwanga katika faiba moja, kila rangi ikibeba gigabiti 2.5 kwa sekunde, zote zikikuzwa pamoja na kikuza kimoja. Rangi zaidi zikawa jibu la kila swali, na hakuna aliyeuliza habari za fezi. Hatuwalaumu. Watafiti wa miaka ya 1980 walikuwa sahihi kabla ya wakati wao: chipu ya kufanya hesabu ya baba na binti kwa mabilioni ya ishara kwa sekunde haikuwepo.

Ilipokuja, kabati lilifunguliwa. Kati ya 2004 na 2006 watafiti wa London, Tokyo na Paderborn walionyesha kwamba leza mbili zinaweza kuachwa ziteleze zitakavyo, na hesabu ikafanya kazi ya kuzipatanisha baadaye. Hapa mbinu ya 1983 ilikuwa na bahati ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Chipu haiendi kwa kasi ya ishara. Inazigawa na kuzishughulikia nyingi kwa pamoja, hivyo jibu la kitanzi hurudi likiwa limechelewa. Mbinu isiyorudi nyuma haijali kuchelewa. Mwaka 2008 timu ya Nortel, huko Ottawa, iliuza kipokezi cha gigabiti 40 kilichofanya hayo yote moja kwa moja katika chipu. Nortel ikafilisika. Mwaka 2010 kitengo chake cha mwanga kilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 700, na mnunuzi alikuwa Ciena, ambayo sasa makao yake yako Hanover, Maryland. Kampuni iliyopata utajiri fezi ilipokuwa kabatini ndiyo iliyokuja kulipia fezi.

Faida haikuwa biti za ziada tu. Mtu akijua ukali na fezi analijua wimbi lote, na anaweza kwa hesabu kuondoa hata ule mtawanyiko ambao faiba ndefu humtia mwanga. Hili linatuhusu zaidi kuliko tulivyodhani tulipokuwa tunasoma kibao. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, ukigusa Dar es Salaam na Mombasa, na TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo. Afrika Mashariki ikaanza kuachana na setilaiti. Iliingia baharini wakati uleule fezi inatoka maabara, na mikongo ya kizazi hicho huongezewa uwezo kwa kubadili vifaa vya nchi kavu, huku faiba ikibaki ilipolazwa chini ya maji.

Nyumba ya 1325 barabara ya L haipo tena. Franklin School ina kibao chake. Jengo la Clarksburg lilisimama tupu kwa miaka mingi baada ya COMSAT kuuzwa, na wakazi wa kaunti ya Montgomery wamebishana kama lihifadhiwe au libomolewe. Lilionekana vizuri kutoka barabara ya 270, upande wa kulia ukielekea Frederick.