Askari, Kifungo na Rubisi katika Nchi ya Bukoba

Katika nchi ya Bukoba, ambayo Muleba ni upande wake wa kusini, marejeo ya mtu aliyekuwa mbali hayakutimia mpaka ameletewa rubisi: ndizi mbivu zilimenywa, zikatiwa katika mtumbwi wa kuchongwa, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na majani hata mramba ukatoka, ukachanganywa na mtama uliokaangwa, ukafunikwa, ukalala hata ukachacha; na kabla ya mtu yeyote kutia mrija katika kibuyu, mizimu na mkubwa wa mji walikwisha kupewa fungu lao.

Basi askari waliporejea vitani, tangu wale wa Vita vya Pili vya Dunia waliofikishwa Madagaska na Burma, hata mgambo walioitwa baada ya jeshi la Idi Amin kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka kuvunjwa, wakarudi kwao baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979, nyumbani walipokewa kwa kileo kile kile. Aliyekuwa na jeraha la moyo hakuwa na tabibu wa kumwendea. Na pindi rubisi ilipokuwa haimtoshi, akaiendea enkonyagi, pombe ya moshi iliyoharamishwa, sheria ilimjua kwa faini na kifungo, wala si kwa tiba. Akitoka gerezani, alipokewa tena kwa kibuyu.

Walakini ilikuwako njia nyingine, nayo haikutoka serikalini. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika kwa Walutheri wa Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, na Balokole, yaani waliookoka, ambao miongoni mwao alitoka Josiah Kibira, askofu aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, walikutana wakaungama dhambi zao hadharani, ulevi ukiwamo, wakaacha kileo kabisa. Gharama yake haikuwa ndogo, kwa sababu aliyekataa rubisi alikataa pia tambiko la ukoo wake. Lakini jamaa aliyoipoteza alilipwa nyingine, iliyomwita ndugu na kumwulizia asipoonekana.

Leo tiba zipo, lakini si rahisi zimfikie mlevi huyo: tiba ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, ni ya watumiaji wa heroini na haimfai mlevi wa pombe; na hospitali za Rubya na Ndolage, zilizomo Muleba kwenyewe, haziwezi kumtibu mtu asiyefikishwa kwao. Kwa hiyo mfungwa aliyekuwa askari, ikiwa kileo ndicho kilichomtia kifungoni, hana budi kujulishwa kwa tabibu na kwa wenzake walioacha pombe kabla ya siku ya kufunguliwa, maadamu historia ya Bukoba yaonyesha kwamba walioacha walikuwa na watu wa kuwashika, na kwamba adhabu peke yake haikumpa mtu jamaa mpya.