Jongo na Chupa ya Madini

Ukiamka usiku hapa Ngoingwa kidole gumba cha mguu kimevimba, hata shuka ikikigusa unalia, jirani atakwambia ni jongo, au gauti, umezidisha nyama choma. Kisha atakuelekeza kwa muuzaji wa chupa ya madini "ya kuyeyusha asidi". Kabla hujatoa pesa, sikiliza dawa hiyo ilikotoka.

Mwaka 1848 daktari Mwingereza, Alfred Garrod, alionyesha kwamba damu ya mgonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki nyingi. Asidi hii ikizidi hugeuka chembe kali kama sindano ndani ya kiungo. Ilikuwa imeonekana pia kwamba chumvi ya lithiamu huyeyusha asidi hiyo ndani ya chupa, naye Garrod akaipendekeza katika kitabu chake cha 1859. Wafanyabiashara wakadaka! Maji ya lithiamu yakauzwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi.

Shida ilikuwa kipimo. Ili lithiamu iyeyushe asidi mwilini, ungehitaji kiasi cha kukuua. Mwaka 1949 huko Marekani, watu waliotumia chumvi ya lithiamu badala ya chumvi ya mezani walidhurika, na wengine wakafa.

Huku kwetu kuna wanaokoroga magadi, yale yale ya kulainishia githeri, na kunywa asubuhi. Ni hesabu ile ile ya chupa. Magadi yana sodiamu, na wagonjwa wengi wa jongo wana presha pia. Utatibu kidole uharibu figo?

Dawa iliyoleta mabadiliko ni alopurinoli, kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966. Yenyewe haiyeyushi kitu. Hupunguza asidi ambayo mwili unatengeneza, na damu ikishapungua asidi, zile chembe huyeyuka polepole, kwa miezi. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Miezi ya kwanza maumivu yanaweza kurudi, mtu anasema dawa ya hospitali ni bure, anarudia chupa.

Usiache vidonge kwa sababu hiyo. Rudi kliniki upewe cha kutuliza maumivu. Lakini ukiona vipele mwilini, viache na uje siku hiyo hiyo. Na ile chupa ya madini, ije nayo pia, tuisome pamoja.