Mtofaa

Mtofaa (Malus domestica) ni mti wa matunda wa familia ya Rosaceae, yenye pia mwaridi, mpea na mfyulisi. Asili yake ni mtofaa-mwitu Malus sieversii wa milima ya Tian Shan, Asia ya Kati. Leo China huzalisha karibu nusu ya matofaa yote duniani.

Maua na tunda. Ua lina petali 5, nyeupe au za waridi. Aina nyingi hazijichavushi, hivyo huhitaji nyuki na mtofaa wa aina nyingine jirani. Nyama inayoliwa hutokana hasa na kikalio cha ua. Tofaa likikatwa kwa upana, vyumba 5 vya mbegu huonekana kama nyota.

Kilimo. Mche wa mbegu haufanani na mzazi wake, kwa hiyo wakulima hubebesha kijiti cha aina bora juu ya shina lenye mizizi imara. Mti huhitaji kipindi cha baridi ili machipukizi yaamke. Katika nyanda za juu za Kenya na mkoani Njombe, Tanzania, hufaa aina zisizodai baridi kali, kama Anna, iliyozalishwa Israeli. Penye joto, majani hupukutishwa kwa mkono ili kuamsha maua.

Matumizi. Tofaa huliwa bichi, hupikwa au hukamuliwa juisi. Takriban asilimia 85 ni maji. Ganda lina nyuzinyuzi nyingi. Tofaa likikatwa hugeuka kahawia kwa kukutana na oksijeni. Maji ya limau huchelewesha hali hiyo. Mbegu zina amigdalini, kemikali inayotoa sumu zikitafunwa, hivyo zisitafunwe.