Msandarusi, Mti Unaozika Hazina Yake

Katika pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma, mvua huja msimu mmoja tu, na kiangazi hukaa miezi mingi. Juu ya mchanga huo mkavu husimama msandarusi, mti uwezao kupita mita 20 kwa urefu. Majani yake ni magumu kama ngozi, nayo hukaa mawili mawili. Mdudu akiutoboa, au tawi likivunjika, mti hujiganga wenyewe kwa utomvu unaoziba jeraha. Utomvu huo hudondoka, hugandamana, na mchanga huuzika. Mti hufa, msitu hutoweka, sandarusi hubaki.

Watu wa pwani waliijua tangu kale. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulithibitisha kuwa wakazi wa Unguja Ukuu waliifukiza katika karne ya 7 na ya 8. Karne ya 19 ikaleta haja nyingine. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem zilipakia sandarusi Unguja, ikawa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi.

Burton, aliyesafiri huku kati ya 1857 na 1859, aliandika kuwa nchi ya sandarusi yafika hadi Rasi Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Livingstone naye, akitokea Mikindani mwaka 1866, aliuona mti huo, na jirani yake mashimo ya wachimbaji. Wafanyabiashara walitenga aina mbili: ile iliyochimbwa, ngumu, yenye vipele vidogo juu yake, ndiyo iliyopewa thamani, na ile ya mtini, laini, iliyoitwa chakazi, ikadharauliwa. Wageni wakalipotoa neno hilo hata likasikika kama jina la punda kwa Kiingereza.

Vanishi za viwandani ziliiua biashara hiyo katika karne ya 20. Lakini mchimbaji wa zamani hakuwa na haja ya kuuangusha mti, maana alivuna msitu uliokwisha kufa. Shoka la mkaa na la kufyeka mashamba huangukia mti ulio hai. Na chakazi iliyodharauliwa ndiyo hiyo hiyo ambayo, ikilala ardhini muda mrefu, huwa sandarusi ya thamani. Pasipo mti, mchanga hauna cha kuzika.