Ankara Ina Jina la Nani?

Mwaka juzi nilihama nyumba ya kupanga kule Tabata nikiwa na kitanda, maboksi sita ya vitabu, jiko la gesi na deni la intaneti la shilingi 180,000. Kwa hesabu zangu, theluthi moja tu ya deni hilo ndiyo ilikuwa yangu. Kwa hesabu za kampuni, lilikuwa langu lote.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa wapangaji watatu ndani ya geti moja. Tukakubaliana, kwa mdomo, tuvute intaneti ya nyumbani ya shilingi 60,000 kwa mwezi, kila mmoja atoe 20,000. Siku mafundi walipokuja mimi ndiye niliyekuwepo, basi fomu ikajazwa jina langu. Miezi mitano mambo yakaenda vizuri. Wa sita, jirani mmoja akahama, akaacha ahadi ya "nitakutumia". Wa pili akaniuliza kwa nini alipe 30,000 wakati tulipatana 20,000. Na mimi, nikihisi nafanywa mjinga, nikagoma kulipia watu. Miezi mitatu ikapita, ruta inawaka taa nyekundu, ankara zinaendelea kuja. Nilipomwendea mwenye nyumba, mzee wa watu alinijibu kwa upole tu: "Mwanangu, mimi nimepangisha nyumba. Huo waya mmeuleta wenyewe."

Nikampigia shangazi kulalamika. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na wewe yamekukuta ya simu ya mezani," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka kufuli.

Miaka ya katikati ya 1990 shangazi alikuwa amepanga fleti Upanga, katika moja ya yale majengo yaliyowahi kuwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha nyumba za kupangisha, na ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Sebuleni kwake kulikuwa na simu ya kuzungusha, na kwenye tundu mojawapo la namba kulikuwa na kufuli dogo. Kupokea unapokea. Kupiga, mpaka uombe ufunguo.

Simu ile ilitoka Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Mwaka 1994 shirika likagawanywa: barua zikabaki Posta, simu zikaenda TTCL. Kwa shangazi kilichobadilika ni kichwa cha karatasi tu, deni lilibaki lilelile.

Kuipata simu ya mezani enzi hizo haikuwa mchezo. Unaomba, unasubiri, na wapo waliosubiri kwa miaka. Halafu ankara yenyewe ilihitaji pa kufikia, na kwetu barua haiji mlangoni, inakwenda kwenye sanduku la posta. Wengi walitumia sanduku la ofisini. Kwa hiyo simu ilikuwa ya mtu mwenye kazi inayojulikana, sanduku la posta, na nyumba ambayo hatarajii kuhama mwezi ujao. Sasa mfikirie mpangaji wa chumba kimoja Magomeni au Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Hata angekuwa na hela, hakuwa na anuani. Shirika lingempaje simu leo ilhali kesho anaweza kuwa Manzese?

Ankara, nikiitazama vizuri, ni mkopo. Umeshatumia, hujalipa, na aliyekupa anaamini atakupata mwisho wa mwezi. Na katika ulimwengu wa simu ya mezani, imani hiyo ilijengwa juu ya ukuta: waya umeingia kwenye nyumba hii, mtu huyu anaishi hapa.

Shida ni kwamba ndani ya nyumba hawaishi watu wa fomu tu. Shangazi alimpangisha rafiki yake chumba cha nyuma. Mwanzoni waliweka daftari kando ya simu: tarehe, umepiga wapi, dakika ngapi. Siku moja ikaja ankara kubwa kuliko kodi ya nyumba. Ilionyesha jumla tu, bila kusema nani alipiga wapi. Rafiki alikuwa na ndugu Muskati, na daftari lilikuwa halina Muskati hata moja. Akakataa, shangazi akalipa kwa miezi minne, na kufuli likanunuliwa. Wale wawili hawakusalimiana tena mpaka walipokutana msibani, miaka mingi baadaye.

Hata kufuli lenyewe halikuwa dawa. Sisi watoto tuliambiwa na wakubwa kwamba ukigonga kile kitufe cha kukatia simu kwa kasi, mara tatu kwa namba tatu, mara kumi kwa sifuri, simu inatoka bila kuzungusha chochote. Ilikuwa kweli, maana simu zile zilihesabu mikatiko ya umeme kwenye waya, na kitufe nacho kinakata.

Halafu ikaja vocha.

Mobitel ilianza huduma za simu za mkononi nchini mwaka 1994, lakini ile simu ilikuwa ya mabosi. Kilichomfikia mpangaji ni malipo ya kabla. Afrika Kusini, Vodacom ilianzisha huduma hiyo mwaka 1996, na kampuni hiyo ilipofika kwetu mwaka 2000, kukwangua kadi kwa kucha kukawa tendo la kila kona ya mtaa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vocha ilishinda kwa sababu watu ni maskini. Ni kweli nusu. Nusu ya pili, naona, ni kwamba vocha haikuuliza unaishi wapi. Haikutaka sanduku la posta wala barua ya mwajiri. Mtu alihama chumba kimoja kwenda kingine na namba yake mfukoni. Kwa mara ya kwanza mpangaji alikuwa na simu ambayo mwenye nyumba hakuwa na la kusema juu yake.

Na lugha ikafuata. Badala ya deni tukapata salio, neno linalotokana na kusalia: si unachodaiwa, bali kilichobaki. Makampuni yakaja na "muda wa maongezi", sisi tukabaki na vocha. Tukajifunza kubipu. Ugomvi wa "nani kapiga Muskati" ukafa kifo cha kawaida, kwa kuwa kila mtu alikuwa anakwangua yake.

Lakini ukitaka kujua mipaka ya malipo ya kabla, tazama LUKU. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo nayo ilianza kwetu miaka ya 1990, na iliondoa ankara ya mwisho wa mwezi. Haikuondoa ugomvi, kwa sababu mita ni moja na vyumba ni sita. Mwenye friji na mwenye balbu moja watachangaje? Anayepiga pasi kila asubuhi je? Na mwezi Agosti 2021, serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, wapangaji wengi waliona kodi ya mwenye jengo inakatwa kwenye umeme wao. Serikali ilisema wapangaji wamalizane na wenye nyumba. Haya, nani kati yetu anakwenda kumdai mwenye nyumba shilingi elfu moja kila mwezi? Aliyelipa ni yule aliyekuwa na namba ya mita mkononi.

Intaneti nayo ilianza kwa njia ya vocha. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na M-Pesa ilikuwa imeshaingia nchini mwaka mmoja kabla, hivyo kulipa na kujiunga vikawa jambo la kubonyeza simu. Bando la siku, bando la wiki. Kila mtu na lake. Kununua kidogo kidogo ni ghali, tunajua, ni kama kununua mafuta ya kula ya kupimiwa. Lakini ghali hiyo ilitununulia kitu: hatukudaiana.

Sasa intaneti imerudi kwenye ukuta. Waya unaingia nyumbani, unatoboa tundu, unahitaji ruhusa ya mwenye jengo, na una mkataba wenye jina moja. Laini zetu tulizisajili kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi ikabandika namba kwenye milango. Leo mpangaji anajulikana jina na mlango. Ameaminika tena, na anayeaminika ndiye anayedaiwa. Nilichokuwa nimesaini Tabata, kwa haraka, nikiegemea boneti ya gari la mafundi, kilikuwa simu ya shangazi.

Deni nililipa, kwa awamu tatu. Jirani wa pili alinitumia 40,000 baada ya miezi kadhaa, na ujumbe wa "samahani ndugu yangu", nami nikamwomba radhi kwa maneno niliyomtolea getini. Wa kwanza amebaki na namba ambayo haipatikani.

Ninapoishi sasa tumefanya tofauti. Laini ni ya mama mwenye nyumba, kwa kuwa yeye hahami, na gharama yake imeandikwa ndani ya mkataba wa kodi. Pale ambapo hilo haliwezekani, ningechagua huduma ya kulipia kabla hata kama imezidi bei kidogo. Na siku ya kuhama ningefunga akaunti kwa barua, ningerudisha ruta na kudai risiti. Mkononi, si kwa ahadi.

Nilipomweleza shangazi utaratibu huu alikubali kwa kichwa, kisha akaniuliza kama tumeandika pia itakuwaje mmoja wetu akikwama mwezi mmoja. Nikasema hapana. "Hilo ndilo la kuandika kwanza," akasema. "Yule mwenzangu hakuwa mwizi. Alikuwa amekwama, akaona haya kusema."

Sikuwahi kumsikia akilisema hilo kabla.